Kamati za jubilei, msipige saruji kanisa la udongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi viongozi wa makanisa ya vijijini mkoani Tabora: jubilei ikikaribia, msiagize kanisa la zamani lipigwe plasta ya saruji. Nia ni njema, lakini ukuta ule hauiwezi.

Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki, walifika Tabora 1878, na baadaye wakafungua Kipalapala kituo cha watoto waliokombolewa utumwani, kilichofungwa 1889. Urambo walianza London Missionary Society, shirika la Kiprotestanti la Uingereza, 1879, enzi za Mtemi Mirambo, kisha wakawaachia Wamoravian 1898. Reli ilifika Tabora 1912. Kabla ya hapo kila mzigo wa pwani ulikuja begani mwa mpagazi, kwa hiyo mafundi walijenga kwa kilichokuwepo: tofali bichi au la kuchoma, tope badala ya saruji, ukuta mnene, na mninga juu.

Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa kupitia uso wake. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda, na chumvi yake hukusanyika nyuma ya plasta. Gonga kwa kifundo cha kidole, futi tatu hivi kutoka sakafuni. Ukisikia mlio wa debe tupu, plasta imeshaachana na tofali, na ukiibandua utakuta tofali linapukutika mkononi. Wengi hapo hurudishia saruji nene zaidi, na tatizo linahamia futi mbili juu. Zege linalomwagwa kuzunguka msingi ili pawe safi ni baya kuliko plasta yenyewe, maana linausukuma unyevu wote ndani ya ukuta. Mchwa nao hufuata unyevu huo. Hupita kwenye tope kati ya tofali na tofali hadi kwenye kenchi, na kwa kuwa plasta imeficha njia zao, mtu hushtuka bati limeshabonyea.

Kazi ya kurekebisha ianze Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Saruji ibanduliwe kwa tindo na nyundo ndogo, kutoka juu kushuka chini. Zege la pembeni livunjwe, ardhi ichongwe iinamie nje, na paa liwekewe mifereji ili maji yasirukie ukutani. Kisha ukuta uachwe ukauke walau mwezi mzima. Hapa ndipo kamati nyingi hukosa subira.

Kwa tofali la kuchoma, tumieni plasta ya chokaa: ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga wa mtoni uliooshwa. Chokaa ilowekwe wiki mbili kabla, maji yakiifunika. Ipigwe kwa matabaka membamba, na kila tabaka lifunikwe kwa magunia mabichi siku kadhaa, kwa sababu jua la Tabora likiikausha upesi itapasuka. Fundi asichanganye saruji eti kidogo tu ishike haraka. Tofali bichi lipigeni plasta ya tope lenye pumba za mpunga, halafu lipakwe chokaa nyepesi mara nne au tano. Chokaa hiyo irudiwe kila baada ya miaka michache. Ni kazi ndogo ambayo jumuiya inaweza kuifanya yenyewe.

Tusitegemee serikali itatuzuia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Makanisa yetu ni ya baada ya hapo, hivyo hayalindwi mpaka Waziri ayatangaze. Kwa sasa mlinzi ni kamati ya ujenzi, na inapasa ijue hivyo.

Vitabu vya ubatizo navyo viondolewe kwenye kabati linalogusa ukuta wenye unyevu. Kwa Wakatoliki wa zamani ukatekumeni, yaani mafunzo ya kabla ya ubatizo, ulichukua miaka minne, kwa hiyo kila mstari mle ni safari ndefu ya mtu, na pembeni yake mna kipaimara na ndoa yake. Kurasa zilizochanika msizibandike selotepu, gundi yake huila karatasi. Pigeni picha kila ukurasa kwa mwanga wa dirishani, bila fleshi, na nakala moja ipelekwe jimboni.

Mwashi wa majengo ya zamani,
Tabora