Kiti cha baba yako nimekiwamba upya

Igombe, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Mwangaluka. Sisi huku wazima, mvua zimeanza, na bibi yako anakusalimu. Michoro ya kiti uliyonitumia kwenye simu nimeiona. Mdogo wako alinikuzia picha mpaka nikaona kila kiungo. Mgongo umeupinda vizuri, miguu ya mninga haina madoido, na kimo cha sentimita 45 kutoka sakafuni ni kile kile cha baba yako. Kwenye mbao sina la kukufundisha. Nina neno kuhusu kikalio.

Umechora kikalio kilichosukwa kwenye fremu yake, fremu ikagandishwa kwa gundi ndani ya kiti, na chini ukaziba kwa plaiwudi. Baba, hapo umemfungia mlango msusi. Kamba itachakaa tu, hata ningeisuka mimi mwenyewe. Mninga utamkalisha mjukuu wako, lakini kamba ya magugu maji ikikaliwa kila siku italegea na kukatika ungali kijana. Siku hiyo mwenye kiti atamwita fundi, na fundi hatakuwa na pa kupitisha mkono. Kiti kizima kitatupwa kwa sababu ya kamba.

Wiki iliyopita nilikata kikalio cha kile kiti cha baba yako cha barazani ili nikiwambe upya, mara ya tatu sasa. Nilipotoa mizunguko ya mwisho nikakuta maandishi ya penseli kwenye mti wa mbele: 48. Kwenye mti wa nyuma: 40. Mwandiko wake ule ule wa kulala upande. Na miti yote minne ameizungusha randa, kisha msasa, hadi haina kona hata moja, kazi ambayo hakuna mteja angeiona maana yote inafunikwa na kamba. Alijua kona kali ni kisu, na kamba hukatikia pale inapopinda. Nilipitisha kidole gumba pale, nikarudia, nikarudia tena. Miaka yote hii alikuwa amenirahisishia kazi, na mimi nilikuwa nimeshasahau.

Zile namba nazo zina maana. Mbele ni pana kuliko nyuma kwa sentimita 8, kwa hiyo unaanza na pembe mbili za mbele peke yake, unajaza sentimita 4 huku na 4 kule kwa vipande vifupi, mpaka nafasi iliyobaki mbele ilingane na ya nyuma. Ndipo unazunguka pembe zote nne bila kukata, na pembetatu nne zinakua zenyewe kuelekea katikati. Kila baada ya mizunguko michache unaingiza mabaki makavu kati ya kamba za juu na za chini, kikalio kisibonyee. Haya yote hufanyika kwa mkono kupita chini. Ukiweka plaiwudi, nani atapita?

Uliniambia habari za Hans Wegner wa Denmark na kiti alichobuni mwaka 1949 ambacho bado kinatengenezwa. Wewe ulisifia mgongo wake. Mimi nilitazama chini: kamba ya karatasi iliyosokotwa, kama mita 120, imezungushwa kwenye miti ya kiti chenyewe. Anayejua kazi anaikata na kuanza upya, miti haijaguswa. Naamini hilo limekiweka hai kama umbo lake. Na wazee wa pwani, ambao hawakuwahi kumsikia Wegner, kitanda cha kamba walikiita teremka tukaze. Jina lenyewe linakubali kwamba kamba hulegea.

Ijumaa nitakutumia mabunda mawili kwa basi. Moja ni la magugu maji. Unayakumbuka yalivyokuwa yakifunga mwalo, mitumbwi ikashindwa kutoka? Bua lake bichi ni maji matupu. Mzigo wa mtumbwi ukikauka unabaki wa kichwani. Haya nimeyakausha mpaka yanavunjika yakikunjwa, ndipo nikayanyunyizia kidogo na kusuka. Mwaka wa kwanza niliharakisha, nikasuka mabua ambayo ndani yalikuwa bado na unyevu, na viti vinne vikarudishwa vimeota ukungu. Nililipa fedha za watu na baba yako hakusema neno. Hapo Keko, Dar es Salaam, joto la pwani lina unyevu, kwa hiyo bunda liweke juu, mbali na sakafu. Ukianza kuwamba, nyunyizia tu, usiloweke. Kamba iliyolowa ikikauka husinyaa na kikalio kinalegea.

Bunda la pili ni la katani. Ni kavu na gumu, vidole vitauma, lakini ndilo litakalodumu zaidi. Pitisha moto wa mshumaa haraka kwenye nyuzi zilizosimama, zisiwachome wateja mapajani. Kwa kiti chako hiki mimi ningechagua magugu maji, kwa sababu rangi yake inakaa vizuri na mninga. Jaribu yote mawili, halafu uamue.

Upande wa juu usiuguse, ni mzuri. Chora upya chini tu, toa ile fremu na plaiwudi, kisha unitumie picha jioni, mdogo wako akiwa amerudi anikuzie.

Mama yako