Kwa walimu wapya mliopangiwa Yaeda na kando ya Ziwa Eyasi

Wanangu walimu,

Habari za kupangiwa kazi kwa Wahadzabe, watu wa kuwinda na kurina asali, mmezipokea kwa manung'uniko. Maji ya shida, umeme hakuna, mshahara unaufuata mbali. Hayo mtazoea, walimu wa zamani tuliyazoea tukiwa na baiskeli tu. Ninawaandikia kuhusu jambo ambalo chuoni hawakuwaambia.

Mimi ni zao la TANU, na sina ugomvi na taifa tulilojenga. Machifu waliondolewa madarakani mwaka 1963. Sensa ya 1967 ikawa ya mwisho kumuuliza mtu kabila lake. Kiswahili kikatawala darasani na bungeni. Ndiyo sababu kijana wa Mtwara anapelekwa Mbulu na kupokelewa kama mwalimu, si kama mgeni wa ukoo fulani. Sitakubali mtu alibeze hilo mbele yangu.

Ila gharama yake hatukuilipa sawa. Msukuma alipoambiwa aweke ukabila kando, nyumbani aliacha mamilioni wanaosema Kisukuma. Wahadzabe wote ni elfu moja na mia chache, na lugha yao haina ndugu inayojulikana popote duniani. Hata Kisandawe, chenye vidoko (sauti za kualika ulimi) kama chao, hakijathibitika kuwa jamaa yake. Kizazi kimoja cha watoto kikiona aibu kukisema Kihadza, hakuna wilaya nyingine ya kwenda kukiokota.

Tena wao na serikali wana historia. Mkoloni alijaribu kuwafanya wakulima mwaka 1927, akashindwa, akajaribu tena 1939. Sisi tuliojitawala tukarudia mwaka 1965: tukawakusanya Yaeda Chini na kuwataka washike jembe. Maradhi yakawaandama pale walipobanana, na haikuchukua miaka mingi wengi wakarudi porini. Nia yetu ilikuwa njema, nakubali. Lakini kichwani tulikuwa na wazo lile lile la Mwingereza, kwamba asiyelima bado hajawa mtu kamili. Wamasai nao waliandamwa miaka hiyo hiyo kwa sababu ya mashuka yao. Ilionekana yanaitia aibu nchi mpya.

Msidhani kumezwa kunahitaji amri ya serikali. Mbulu hiyo hiyo mnayokwenda walikuwepo watu waliosema Kikw'adza. Leo hayupo hata mmoja anayekisema. Jirani mkubwa anatosha: unaoa kwake, unachunga ng'ombe wake, unaona haya ya kuitwa mtu wa porini, na wajukuu hawajui tena. Nanyi walimu, mkitokea kwa Wairaqw au Usukuma au Uchagani, kwa mtoto wa Kihadzabe ninyi ni serikali na jirani mkubwa kwa pamoja. Neno moja la dhihaka kutoka kwenu lina uzito ambao mwenyekiti wa kijiji hana.

Wapo pia watakaowaambia kinyume chake: waacheni kama walivyo, wabaki na pinde zao, watalii wapige picha. Hao wasiwapotoshe. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati za kimila za zaidi ya hekta 20,000, na walizipata kwa kupitia serikali ya kijiji na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Yaani mfumo ule ule wa vijiji uliowabana wazazi wao, wao wameugeuza ngao. (Hilo sisi wanasiasa wa zamani hatukuliwaza kabisa.) Sasa wanapokea malipo ya hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa kutunza msitu unaofyonza hewa hiyo. Ngao hiyo inataka watu wanaosoma mkataba, wanaohesabu fedha, wanaosimama kwenye mkutano na kumwambia mvamizi wa malisho kifungu gani cha sheria amekivunja. Wafundisheni Kiswahili na hesabu barabara, bila kuwapunguzia kwa huruma.

Kibao cha kumvisha shingoni mtoto aliyesema lugha ya kwao kitupeni jikoni, kikatumike kama kuni. Darasa la kwanza wengine watafika wakielewa Kiswahili kidogo sana. Mketishe mgeni karibu na mkubwa wake wa darasa la nne, amweleze kwa Kihadza mpaka azoee. Bwenini wataota nyumbani, na msimu wa asali baadhi watatoroka. Kabla ya kuandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio, nendeni kambini mkaongee na wazazi, mkae chini, msikilize. Mkimpata mzee anayejua nyayo, miti ya dawa na jinsi ya kuitana na mlembe, ndege anayeongoza kwenye asali, mpaka kwenye mzinga, mwalikeni kwenye kipindi cha sayansi.

Mthibiti ubora akija akahoji Kihadza kinafanya nini shuleni, Sera ya Utamaduni ya 1997 inazitaka jamii zetu zijivunie lugha zao za asili. Muwe na nakala ofisini.

Ni mimi mzee wenu,
mwalimu mstaafu