Krismasi ya Kaskazi: Salamu kwa Madizaina wa Dar

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, ndugu zangu wa kazi: madizaina, wachapaji, vijana wa kukata stika, wapiga picha, na ninyi wateja mnaotuandikia saa tano usiku kwamba logo iongezwe ukubwa "kidogo tu". Ndugu zetu Waislamu, sikukuu hii si yenu lakini oda zenu tumezipokea, na pilau tutakula sinia moja kama kawaida ya mji huu.

Dar imeanza kupumua. Wenye nauli wameshapanda mabasi pale Mbezi kwenda Moshi, Arusha na Bukoba, wengine wamechukua treni ya SGR hadi Dodoma. Tuliobaki tunapigwa na joto la kaskazi, feni inafanya kazi kuliko mwenye ofisi. Embe dodo zimejaa kwenye mikokoteni ya Kariakoo. Na ukipita Upanga au Oysterbay utaona mikrismasi imechanua, nyekundu juu ya miti na nyekundu chini ya magurudumu ya bodaboda.

Sasa fungua simu utazame matangazo ya sikukuu yanayozunguka mjini humu humu. Theluji. Msonobari uliolemewa na kitu cheupe kama pamba. Wanyama wenye pembe za matawi ambao Mikumi nzima huwapati. Mzee mwenye koti zito na buti. Nimeliona tangazo la duka la viyoyozi, nalo lina theluji! Mtu anauza ubaridi kwa watu wanaotokwa jasho, halafu anawaambia baridi tayari ipo.

Theluji hiyo nimeiweka mwenyewe miaka mingi, nikalipwa, na ada za shule zikatoka. Sijutii. Mteja akitaka theluji anapata theluji, biashara ni yake. Kilichobadilika kwangu ni swali ninalomuuliza kabla sijagusa kipanya. Zamani niliuliza saizi, rangi na lini anataka. Siku hizi naanza na hili: Krismasi ya kwako inakuwaje? Nani anakuja, mnakula nini, watoto wanavaa nini? Watu hushtuka kidogo, kisha husimulia kwa raha. Ndani ya dakika chache napata miwani ya plastiki ya rangi rangi ya watoto wa Coco Beach, foleni ya pantoni ya kwenda Kigamboni, kreti la soda lililofunikwa kwa kanga mbichi ili lipoe, shangazi aliyefika na kuku wake miguu imefungwa. Templeti inayouzwa mtandaoni haiji na vitu hivyo.

Mama mmoja wa Tabata anayeuza keki alinipa kazi ya sikukuu. Nikamtengenezea bango lenye meza ya pilau, mtoto mwenye miwani yake, na tawi la mkrismasi linaloning'inia juu ya keki. Akalitazama sana.

"Mwanangu, limependeza. Na theluji je?"

"Shikamoo tena, mama. Theluji tuliyo nayo nchi hii iko kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, na barafu yenyewe inapungua."

Alicheka mpaka akakaa. Lakini hakuhongeka kirahisi: theluji ikabaki kwenye bango la dukani, tawi la mkrismasi likaenda kwenye maboksi ya keki. Kwangu hiyo ni nusu ya ushindi, nami nusu naipokea kwa mikono miwili.

Wapo watakaosema naleta uzalendo wa kulazimisha. Basi watazame kadi ya Krismasi ya kwanza kuchapwa kwa ajili ya kuuzwa, ile ya London ya mwaka 1843, iliyochorwa na John Callcott Horsley kwa ombi la Henry Cole. Haina theluji. Ina familia mezani, vizazi vyote pamoja, wameinua glasi, na pembeni kuna watu wanaolisha na kuvisha maskini. Mchoraji alichora sikukuu kama watu wake walivyoila. Sisi tumerithi mapambo yaliyokuja baadaye, tukadhani ndiyo Krismasi yenyewe. Wala mkrismasi wetu si mwenyeji kivile, maana asili yake ni Madagaska. Ulihamia, ukazoea jua letu, ukajifunza kuchanua Desemba, na leo una jina la Kiswahili. Sina ugomvi na kigeni kinachokubali kupigwa jua.

Kwa watakaojaribu kuuchapa, angalizo moja. Nyekundu ya ua hilo ina uchungwa ndani yake. Wekeni njano yote, majenta mpunguze kidogo, na samawati msiiguse kabisa, kwa sababu ikiingia tu, ua linafanana na damu iliyokauka. Kwenye skrini litawaka hata ukikosea, kwa kuwa skrini ni mwanga. Karatasi haina huruma hiyo. Ombeni sampuli kwanza.

Nimeongea sana juu ya theluji kwa sababu najua wengi wenu mwaka huu mmeingia na hofu nyingine: mashine. Hofu hiyo ni ya zamani kuliko sisi. PageMaker, programu ya kupanga kurasa, ilitoka 1985, ikawaondoa waliokuwa wakibandika safu za maneno kwa gundi na wembe. Photoshop ya kuhariri picha ikafuata 1990. Canva, ya kusanifu mtandaoni kwa templeti, ikaja 2013, kila mwenye simu akawa dizaina. Hapa Dar mafundi wa brashi waliokuwa wakiandika ukutani na ubavuni mwa daladala waliiona fleksi, yale mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, ikija, na wenye kuona mbali kati yao wakahamia kwenye plota, mashine ya kukata stika, huku mkono wao wa herufi ukiwasaidia kujua kipi kimekaa vibaya. Sasa ni zamu ya akili mnemba. Nilijivunia sana kutenganisha nywele za bibi harusi na mandhari ya nyuma kwenye picha, unywele kwa unywele; kazi ya asubuhi nzima leo inaisha kabla chai haijapoa. Inauma kidogo, lazima niseme.

Ila iambie mashine hiyo ikuchoree Krismasi, usiongeze neno. Mara nyingi itakuletea theluji, kwa kuwa imelishwa picha nyingi za huko kuliko za huku. Itachora Kigamboni vizuri tu, endapo kuna mtu wa kuiambia pantoni lilivyo na abiria wanavyosimama. Huyo mtu ndiye ninayejitahidi kuwa. Vidole vimepoteza cheo, macho yameongezewa kazi, na macho hayafundishwi kwa kukaa ndani na kiyoyozi.

Mji huu umeshampata mtu wa namna hiyo. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaja Dar kutafuta riziki, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Alishika kilichokuwa karibu. Alifariki 1972, miaka minne tu tangu aanze, na hadi leo pale Morogoro Stores wapo wanaokula kwa mtindo wenye jina lake. Mkifunga ofisi, pitieni pale na watoto.

Mimi nimefunga mwaka na kalenda, kama wengi wenu. Ni kazi ninayoipenda kuliko mabango yote, kwa sababu ya zile sikukuu zenye alama ya nyota: Idi na Maulidi, na maelezo madogo chini kwamba zategemea mwandamo wa mwezi. Unapanga miezi kumi na miwili kwa vipimo vya milimita, halafu unaacha mahali pachache ambapo mbingu ndiyo itakayosema. Nawatakia mwaka wenye nafasi za namna hiyo: programu mpya mtakayoijaribu bila kuichukia kwanza, mteja atakayewakatalia kwa sababu nzuri, kijana wa mafunzo atakayewafundisha njia ya mkato. Wachapaji, Mungu awape umeme usiokatika sahani za kuchapia zikiwa mashineni. Mliosafiri, wasalimieni wazee, na mpige picha za maana huko, si za sahani za chakula tu.

Na wewe uliyeniletea oda ya kalenda mia mbili jana jioni ukitaka zitoke kesho asubuhi, heri ya Krismasi kwako pia. Tutaonana Januari.