Siku tisa bila gazeti: wito wa mchango kwa wasomaji wetu wa Lubumbashi

Ba papa na ba mama, ba yaya na wadogo zetu wa Lushi, nanyi mnaotusoma kutoka Likasi, Kolwezi, Ndola na Bruxelles,

Salamu nyingi. Nitakwenda moja kwa moja kwenye shida, maana anayezungukazunguka ana kitu anaficha. Gazeti letu linatafuta dola 640 kabla ya tarehe 30 Juni ili liishi mwaka mwingine. Mfadhili hatuna, isipokuwa ninyi wenyewe mnaolisoma.

Mwezi wa tisa mwaka jana wengi wenu mlifungua gazeti kwenye simu mkakuta weupe mtupu. Maneno yakaanza. Kamalondo walisema tumefungiwa, Kampemba wakasema tumenunuliwa, na msomaji mmoja akamtumia mhariri wetu rambirambi, akidhani amefariki. (Yupo, mzima, na bado hajamaliza kunilipa dola tano zangu.) Ukweli ulikuwa mdogo kuliko maneno yote hayo: hatukulipa kodi.

Naeleza, kwa sababu wengi hudhani kitu kikishaingia kwenye intaneti kimefika na kimekaa. Jina la gazeti halinunuliwi mara moja kama kiwanja. Linakodiwa mwaka kwa mwaka, na usipolipa linaondoka. Hata nchi nzima imewahi kubadilisha anwani: zile za Zaire zilikuwa zikiishia na zr, zikafutwa mwaka 2001, nasi tukabaki na cd. Kisha kuna seva, yaani nyumba ambamo makala zinalala, nayo ni ya kupanga. Wenye nyumba hiyo wanataka kadi ya benki inayokubalika ng'ambo, na sisi hapa tunalipana kwa simu. Kwa hiyo miaka yote shemeji wa mmoja wetu, anayeishi Ubelgiji, ndiye aliyekuwa akilipa kwa kadi yake, nasi tunamrudishia kidogo kidogo. Mwaka jana kadi yake ikaisha muda wiki ileile mke wake alipojifungua. Barua za kutukumbusha zilikwenda kwenye anwani ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa akiifungua. Basi, siku tisa.

Tuliporudi, makala nazo zilirudi, karibu zote. Picha za mwaka mzima hazikurudi. Hapo hakuna wa kumlaumu ila sisi, hatukuwa tumeweka nakala pembeni.

Ndani ya picha hizo kulikuwa na kijitabu cha kazi cha papa mmoja wa Katuba. Alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, miaka ishirini na saba, akatoka mwaka 2003 katika ule mpango walioupa jina la kuondoka kwa hiari, yeye na wenzake zaidi ya 10,000. Hiari ile, anasema, ni ile ya kuku kuingia chunguni. Alituletea kijitabu kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya kitambaa cha kitenge kilichofungwa fundo. Jalada la kahawia. Matrikule yake, yaani nambari yake ya kazi, imegongwa kwa wino wa zambarau. Kurasa za nyuma, karani alikuwa akiandika posho ya kila mwezi: kilo za unga, mafuta, chumvi. Kuna mwezi mmoja kilo za unga zimekatwa kwa mstari na juu yake zimeandikwa nyingine, nyingi zaidi, na pembeni kwa kalamu ya risasi: mtoto +1. Papa aliweka kidole pale, akasema, "Huyu ndiye binti yangu wa tatu, yule anayeuza sombe (kisamvu) sokoni."

Tulizipiga picha kurasa zote, moja moja, karibu na dirisha ili mwanga usianguke vibaya. Akafunga fundo lake, akaondoka. Mvua za mwezi wa kwanza zilipokuja, bati la nyumba yake lilikuwa limetoboka, maji yakaingia sandukuni, wino ukatawanyika ukawa madoa. Kwa hiyo picha zetu ndizo zilizokuwa kijitabu. Kila akipita hapa huniuliza, "Kitabu changu kimerudi?" Nami humjibu, "Bado, papa." Najua hiyo bado ninayomwambia ni ya namna gani.

Kati ya zile dola 640, basi, dola 130 ni za jina na seva, na dola 70 ni za diski mbili za kuhifadhia nakala: moja itakaa kwa mhariri, nyingine komini (sehemu ya mji) tofauti kabisa, kwa mtu asiyegusa gazeti. Hizo ndizo nazililia zaidi. Mega, yaani intaneti ya simu, za wahariri watano, dola nne kwa mwezi kila mmoja, zinafika dola 240 kwa mwaka. Naona wengine wanakunja uso: si wanasema wanajitolea? Tunajitolea. Hakuna anayelipwa hata franka moja kwa kuandika, kuhariri au kupiga picha. Ni salongo yetu, kazi ya pamoja isiyo na malipo, ila hii hatukulazimishwa. Lakini mtu anayejitolea usiku wake asijitolee pia na unga wa watoto wake, na bila mega makala haitoki kwenye simu ya mwandishi kufika kwenye simu yako. Dola 80 ni za betri mpya ya ordinatere (kompyuta) yetu ya pekee, maana ile ya sasa inazimika umeme unapokatika, na umeme mnaujua. Zinabaki dola 120, dola kumi kwa mwezi, za usafiri.

Usafiri wa kwenda wapi? Nitoe mfano mmoja. Mkumbuke makala ya bei ya unga, ile mliyotumiana mpaka ikaturudia sisi wenyewe kutoka kwa watu tusiowajua. Kila mtu hapa anakula bukari, yaani ugali, na kila mtu alikuwa analalamika, lakini hakuna aliyekuwa anaeleza. Wawili wetu walipanda basi hadi Kasumbalesa, kilomita karibu 90, wakakaa mpakani siku mbili na akina mama wanaovusha unga. Wakarudi na jambo ambalo wafanyabiashara wote wanalijua ila hawakuwa wameulizwa: tunakula mahindi mengi ya Zambia, kwa hiyo wenzetu wa ng'ambo wakizuia mahindi yao yasitoke, gunia linapanda bei katika komini zetu za Kenya na Katuba kabla ya wiki kwisha, hata kama hapa hakuna kilichobadilika. Waliandika pia mfuko unapitia mikono mingapi tangu mpakani hadi sokoni, na kila mkono unaongeza nini. Makala ile ilitugharimu nauli, chakula na malazi. Nauli zilitoka mfukoni mwa walioandika.

Kuna njia nyingine ya kupata nauli, nanyi mnaijua. Inaitwa kupaje. Mkubwa anaita wanahabari, anazungumza, halafu bahasha zinapita, na kesho yake habari inatoka kama alivyoitaka. Siwacheki wenzetu wanaopokea. Wengi hawana mshahara, na bahasha ndiyo mshahara wenyewe. Lakini sisi tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba hatupokei, na kwa kuwa hatuishi kwa gazeti, tunaweza kukataa.

Kukataa kwenyewe si rahisi kama ninavyokuandikia hapa. Mwaka juzi alikuja bwana mmoja, gari safi, maneno matamu, akataka kutupa grupu (jenereta) mpya ya umeme. Sharti lake lilikuwa dogo: picha yake ikae mbele ya gazeti mpaka uchaguzi upite. Tulibishana usiku kucha. Nikiri kwamba mimi nilikuwa upande wa kuipokea grupu, kwa sababu usiku uleule tulikuwa tunabishana gizani, tochi ya simu imeegemezwa kwenye bilauri. Tulipiga kura, upande wangu ukashindwa. Ndiyo maana leo nakuombeni ninyi franka elfu moja moja: wakichanga watu mia nne, hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kudai picha yake ikae mbele.

Kwa wasiotufahamu, au mliotumiwa wito huu na jirani: tunaandika kwa Kiswahili, habari za kartye (mitaa) zetu, za kazi, za soko, za shule, za mpira (Mazembe na Lupopo kwa zamu, tusije tukachomewa nyumba), na za wazee wetu. Si sisi tulioanza. Mwaka 1965, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, wazee waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu waliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapa hapa, wakaipiga kwa mashine. Aliyeikusanya ni André Yav, na waliipa jina la Vocabulaire ya ville de Elisabethville. Hawakungoja profesa wala kibali cha Kifaransa chao kuwa kizuri. Waliandika kama walivyosema, maneno mengine yameshikana, mengine yamekatika katikati, kiasi kwamba mtafiti Johannes Fabian, aliyeyatoa maandishi hayo kama kitabu mwaka 1990, alihitaji kwanza mtu wa lugha hii ayasome kwa sauti ndipo maana itoke.

Kisa hicho nakipenda kwa sababu ndivyo tunavyohariri mpaka leo. Jumatano jioni tunakaa kwenye veranda nyuma ya duka la fundi cherehani, komini ya Kenya. Mmoja anasoma makala kwa sauti, wengine wanasikiliza wamefumba macho. Msomaji akijikwaa, hapo pana kosa. Makala ya mama muuza mkaa ikisomeka kama hotuba ya meya, tunairudisha. Ugomvi wetu mkubwa si siasa, ni Kiswahili chenyewe: kuna wanaotaka Kiswahili bora, cha kanisani na cha redio, na kuna wanaosema tuandike kama tunavyoongea mtaani, na "bantu" wetu na "muko" wetu. Hatujaafikiana. Kwa sasa habari tunaandika kwa Kiswahili bora, na maneno ya mtu tunayaacha kama alivyoyatamka. Msomaji wa Dar es Salaam aliwahi kutuandikia kutusahihisha neno bukari. Tulimjibu kwa adabu kwamba akija tutampikia.

Jambo jingine ambalo huenda hamlioni: tunaibana kila picha isizidi kilobaiti mia moja. Ndiyo maana nyuso za watu nyakati nyingine zina ukungu kidogo. Tunafanya hivyo ili mtu mwenye mega za mwisho wa siku aweze kusoma makala nzima na bado abaki na za kumwandikia mke wake kwamba atachelewa.

Sasa kuchanga. Pokeeni kwa moyo mweupe: hii si likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu, zamu yako haitafika ukabeba. Anzia franka elfu moja. Unaweza kutuma kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, lakini nambari siiandiki hapa, kwa sababu mara ya mwisho tulipoitangaza, wajanja walibadilisha tarakimu mbili wakausambaza wito wetu upya, na watu wema watatu wakamchangia mwizi. Muombe nambari yule unayemjua ndani ya gazeti, kwa mdomo, na kabla ya kubonyeza hakikisha jina linalotokea ni la mweka hazina wetu. Mama huyo ndiye pia anayeshika likelemba ya wauza samaki wa mtaa wake, na pesa hachezi nayo. Mimi mwenyewe amenidai risiti ya teksibisi. Kila jina na kila franka vinaingia kwenye daftari lake, na daftari liko wazi kila Jumatano pale verandani. Usiyetaka jina lako lionekane, mwambie, ataandika "msomaji". Mlio Ulaya, afadhali mmoja wenu akusanye na kutuma kwa mkupuo. Ada ya kutuma dola tano inaumiza kuliko dola zenyewe.

Zikipita dola 640, zinazozidi zinasubiri mwaka ujao. Zisipofika, tutalipa kwanza jina na seva, kisha diski, na Kasumbalesa tutaenda siku nyingine.

Asiye na franka ana mengine. Tunatafuta mtu wa komini ya Ruashi na mtu wa komini ya Annexe, kwa sababu huko tunaandika kwa kusikia tu. Tunatafuta kijana anayejua mambo ya seva atakayetufundisha bila kututisha. Tunatafuta mtu mwenye kadi ya benki inayofanya kazi ng'ambo, mwenye subira, na asiye na mke mjamzito.

Na mwisho, ombi hili ni kwa kila mmoja, aliyechanga na asiyechanga. Fungua simu yako, zile za zamani pia zilizo kwenye droo, angalia picha ulizozihifadhi kutoka kwetu kabla ya mwezi wa tisa. Ukikuta jalada la kahawia lenye matrikule ya zambarau, au ukurasa wenye kilo za unga zilizokatwa kwa mstari, usiufute. Tutumie, au uje nao Jumatano.