Kondo la nyuma limekaa mbele

Shoga yangu Mwanaisha,

Salama huko Muscat? Huku sisi wazima, joto tu ndo latumaliza. Najua umeninunia sijakuandikia kitambo lakini mwenzio nilikuwa sina raha, mimba imeingia wiki ya 21 na mtoto sijamskia kucheza hata siku moja, kila nikikaa barazani naulizwa "ashaanza kucheza?", wifi yangu naye hachoki kusema wake alianza wiki ya 17, basi usiku silali, nimejishika tumbo kama mtu anaskiza redio iloisha betri.

Alhamisi nikaenda skani. Yule dada akanipaka ile jeli baridi, mimi macho nimefumba, akasema mama fungua macho umuone mwanao. Kumbe anaruka humo ndani, ageuka, apiga mateke utadhani yuko bustani ya Mama Ngina siku ya idi! Mimi simskii kwa sababu kondo la nyuma limekaa mbele. Cheka tu, hata mimi nilicheka mpaka picha ikatikisika. Limeganda ukuta wa mbele wa tumbo la uzazi kwa hivyo teke likija laishia pale, kama kupiga godoro. Si ugonjwa, wengi wako hivo, na mimba ya kwanza huchelewa kuskika hata bila hilo, ila akanambia ikifika wiki ya 24 sijaskia kitu nirudi mbio.

Akanionyesha moyo na vyumba vyake 4, uti wa mgongo umepangika kama shanga, figo mbili. Anameza yale maji alokaa ndani yake kisha anayakojoa humo humo, usimwambie mamangu. Uzani kama gramu 400, yaani embe ngowe moja. Akasema wakati huu mwili mzima huwa umeota vinywele laini, malaika wale, na juu yake mafuta mazito meupe ngozi isiharibike kwa kulowana.

Na ni msichana! Wale walosema tumbo limechongoka ni mvulana wanyamaze. Sasa skiza hili, nilivyoambiwa sikulala: saa hizi ovari zake zishajaa mayai, milioni 6 au 7, kuliko atakavyokuwa nayo tena maishani, maana akizaliwa mengi yashakufa. Kwa hivyo lile yai nilotoka mimi liliumbika mama akiwa tumboni mwa bibi, bibi yuwauza mahamri pale Likoni kwenye feri. Mwanaisha, nishapanda feri nikiwa yai!

Jumamosi ndo nikamskia. Nimekaa jikoni nakuna nazi, mbuzi iko chini yangu, kwa pembeni huku chini ya kitovu pakagonga kidogo, kama samaki amepiga mkia kwenye ndoo. Nikanyamaza. Pakagonga tena. Nazi iliungua juani mpaka saa nane.

Vidonge vya damu nameza, choo cheusi na kigumu, lakini naambiwa nisivishushie chai. Pemba, ule udongo wa kutafuna, nimeacha (karibu).

Jina hatujapatana, mume wangu ataka la mamake, mimi nataka la bibi wa mahamri. Nipigie kabla ya ijumaa, mama mkwe yuwaja na kikao chake.

Wako,
Mama Embe