Ngoma hakuna, mwanangu? Gonga kwanza

Michenzani, Unguja

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi wazima. Mama yako anakusalimu na anauliza kama sweta moja linakutosha kwa baridi ya Sumbawanga.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umepewa watoto 53 wa darasa la tatu, ukapewa na kipindi cha muziki, kisha ukaambiwa ngoma hakuna wala fungu la ngoma hakuna. Unaniomba nikutumie mbili. Nikipata msafiri nitazituma, lakini ngoma mbili kwa watoto 53 ni kuwaletea ugomvi. Na wewe ni mtoto wa mpiga sanduku. Kwenu vyombo havijapata kusubiri fungu.

Sanduku langu unalikumbuka, lile ulilokuwa ukijificha ndani yake. Lilikuwa sanduku la chai. Nililigeuza mdomo chini, nikatoboa tundu katikati ya kitako, nikapitisha mshipi wa kuvulia samaki na kuufunga fundo kwa ndani. Ncha ya pili niliifunga juu ya fimbo iliyosimama ukingoni. Ukiivuta fimbo nyuma, mshipi unakaza na sauti inapanda, ukiilegeza, inashuka. Basi. Kidumbak, muziki wetu wa harusini uliotulisha harusi hata harusi, vyombo vyake vilikuwa fidla, vidumbak viwili, yaani vile vingoma vidogo, sanduku, cherewa na mkwasa. Cherewa ni vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu. Mkwasa ni vijiti vifupi vya kugongea mapigo. Cha dukani hapo ni fidla peke yake, na ndiyo iliyokuwa ikituharibikia kila mara.

Masanduku ya chai siku hizi adimu, chai inasafiri kwenye magunia ya karatasi. Chukua ndoo kubwa ya rangi, uifanye vivyo hivyo, ila utie kijiwe chini ya ukingo mmoja inyanyuke kidogo. Ikilala sakafuni barabara, sauti inabaki ndani.

Lakini wiki ya kwanza usitengeneze kitu. Waambie walete vilivyotupwa majumbani: makopo, vifuniko, sufuria zilizotoboka, mabomba ya plastiki, vijiko. Wakae kimya, ugonge kimoja kimoja, wao waseme kinalia vipi. Nimeona watu wanaanza kwa kupaka rangi na kubandika maua, kopo likimaliza kupambwa limeshakuwa bubu. Rangi nzito na karatasi za gundi huiua sauti ya bati. Na chombo cha bati usikikumbatie. Sinia ukilishika kwa kiganja linakohoa tu. Lining'inize kwa kamba, ulipige, uone linavyolia.

Hilo la sinia nalijua kwa kuchapwa. Nilikuwa na miaka tisa hivi, nikalichukua sinia la shaba la bibi yako nikalipiga kwa mchi wa kinu. Kesho yake tulikuwa na wageni. Wali ulipopakuliwa, mchuzi wote ukakimbilia kwenye mabonde niliyochimba, wageni wa upande mmoja wakala wali mkavu. Kwa hiyo vijiti vya kupigia vizungushie kitambaa au ukanda wa mpira kichwani. Sauti inakuwa nene, na vyombo vya watu vinarudi vilivyotoka.

Nazi huko huna, lakini ulezi unao, na mahindi, na maharage. Tia ulezi kwenye chupa ya maji ya plastiki, utasikia mchakacho laini kama mvua ya mbali. Tia maharage kwenye kopo la maziwa, yanabisha hodi. Usijaze; robo ya chombo yatosha, punje zinataka nafasi ya kukimbia. Wagiriama hushona kayamba kwa matete, tabaka mbili bapa na mbegu katikati. Ukipata matete jaribu, watoto wakubwa wataweza kushona. Ila zile mbegu nyekundu nzuri zenye doa jeusi, ambazo watu huzipenda kwa kayamba, usiwape watoto. Zina sumu kali, na mtoto wa darasa la tatu hutia kila kitu mdomoni.

Vizibo vya soda omba kwa wenye maduka. Bandua ule utando wa ndani, maana ndio unaozuia mlio. Vigonge kwa nyundo vilale, na ukingo wote uwe umekunjwa usikate vidole. Toboa kwa msumari, tundu liwe pana kuliko waya, kisha uvitunge kwenye kijiti chenye panda. Kutoboa fanya wewe.

Ngozi ya kuwamba nayo isikutie shida. Tyubu mbovu ya gari, ikatwe, ivutwe juu ya kopo kubwa lililotolewa vitako vyote viwili, ifungwe kwa kanda za tyubu hiyohiyo. Avute mmoja, afunge mwengine. Haitalia kama ngozi ya mbuzi, nisikudanganye, na huwezi kuiotesha moto ikaze kama tulivyokuwa tukivifanya vidumbak. Mpira utaungua, na harufu yake utaipata mpaka jioni.

Kuna mchezo mmoja nataka uwafanyie, kwa sababu wewe mwenyewe ulininunia siku nzima nilipokufanyia. Panga chupa tano za soda zinazofanana, utie maji kwa viwango mbalimbali. Zigonge kwa kijiko: yenye maji mengi inatoa sauti ya chini. Kisha zipulize mdomoni: yenye maji mengi sasa inatoa sauti ya juu. Waache wabishane kwanza. Halafu uwaambie kwamba ukigonga, kinachotikisika ni kioo, na maji yanakielemea; ukipuliza, kinachotikisika ni hewa iliyobaki juu ya maji, na ikiwa fupi hulia juu. Ulisema nimebadilisha chupa.

Siku ya kupiga pamoja, usimpe kila mtu chombo chake kwa mpigo. Anza na mkwasa, watoto wanne tu, wengine wapige makofi. Mkwasa ukishatulia ingiza ndoo, kisha chupa za ulezi. Vizibo viwe vya mwisho, vina kelele na havijui kunyamaza. Akipotea mtu, wote warudi kwenye mkwasa. Hata sisi watu wazima, usiku wa manane, bwana harusi keshachoka, tulikuwa tukirudi hapohapo.

Wakishaweza, nirekodie kwa simu unitumie sauti. Picha usijisumbue. Vyombo hivi ukivipiga picha, mama yako ataniuliza kwa nini skuli yenu haina jaa.

Baba yako