Masika yanakatika, tusie nyanya

Habari za asubuhi wapendwa. Mvua za masika hapa Dar zinakatika. Wale niliowaomba msubiri na nyanya, sasa sieni kitaluni. Baada ya wiki 4 hivi mtahamisha miche, kipupwe kimeingia na ukungu wa majani umepungua. Mchicha msiungoje, wenyewe ndani ya mwezi mnachuma. Msiung'oe, kateni mkiacha kishina, utachipua tena.

Jana nimegeuza jani la bamia nikakuta vidukari wamejipanga kwenye mshipa kama ufuta! Nimewapulizia maji ya sabuni. Tafadhali kagueni chini ya majani.

Asumini yangu imechanua, baraza zima linanukia. Anayetaka vipandikizi aje Jumamosi jioni na kikopo chenye udongo mbichi.